Jina la Shule ya Kikristo Lina Maana Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wazazi huuliza wakati wa kujaza fomu. Wanafunzi huuliza baada ya kuivaa sare mwaka mzima bila kuambiwa. Walimu wageni nao huuliza kwa sauti ya chini, kwa kuwa wanaona kama jambo hilo wangepaswa kuwa wanalijua tayari. Majibu haya ni yao wote. Maneno ya Biblia yaliyomo humu ni ya Union Version, kwa hiyo majina ya mahali yataonekana kama yalivyoandikwa katika tafsiri hiyo.

Kwa nini shule ipewe jina la Biblia au la mtakatifu, na mahali ilipo pana jina lake?

Jina la mahali linakuelekeza njia. Jina la Biblia linakuambia waanzilishi walikuwa wanamwomba Mungu nini, au wanamshukuru kwa nini, siku walipoanza. Ni desturi ya zamani sana. Yakobo alilala mahali, akaota, akaamka akapapa jina. Isaka alichimba kisima, akakipa jina. Samweli alisimamisha jiwe, akalipa jina. Kila mara jambo lilitangulia na jina likafuata, ili atakayepita baadaye aulize, "Hapa pametokea nini?"

Kwa sababu hiyo, jina la shule lina hadithi mbili. Ya kwanza imo katika Maandiko au katika maisha ya mtakatifu mwenyewe. Ya pili ni ya watu waliolichagua: walikuwa akina nani, walikuwa wanapita katika jambo gani. Ukiijua ya kwanza peke yake umejua nusu. Wengi wetu hatufiki hata hapo. Tunaambiwa "Ebenezeri ni jiwe la msaada", tunatosheka.

Basi Ebenezeri ni nini hasa?

Ni kweli ni "jiwe la msaada", kwa Kiebrania. Lakini soma 1 Samweli kuanzia sura ya 4, usianzie ya 7 kama tulivyozoea.

Katika sura ya 4 Waisraeli wamepiga kambi Ebenezeri, wakapigana na Wafilisti, wakashindwa. Wakaenda kulichukua sanduku la agano kutoka Shilo kana kwamba ni hirizi ya vita, wakashindwa vibaya zaidi, na sanduku lenyewe likatekwa. Sura ya 5 inaanza kwa kusema Wafilisti walilichukua sanduku "kutoka Ebenezeri" wakalipeleka Ashdodi. Mahali penye jina la msaada ndipo taifa lilipoaibika.

Miaka ilipita. Katika sura ya 7 watu wametupa miungu yao ya kigeni, wamefunga, wameungama, na Samweli amewaombea. Safari hii Wafilisti wanashindwa. Hapo ndipo Samweli anasimamisha jiwe kati ya Mispa na Sheni, analiita Ebenezeri, na kusema: "Hata sasa Bwana ametusaidia."

Naomba utulie kidogo kwenye hayo maneno "hata sasa". Samweli anahesabu na miaka ya aibu ndani yake. Shule iitwayo Ebenezeri inawaambia wanafunzi wake kwamba kushindwa kunaweza kuwa sehemu ya njia, na kwamba mahali pa kushindwa panaweza kupata historia mpya. Mtoto aliyerudia darasa anahitaji kuisikia hadithi hii kuliko yule wa kwanza darasani. Inasikitisha kuona shule yenye jina hilo inayomfukuza mwanafunzi kwa sababu ya mtihani mmoja.

Betheli na Shilo je? Ni majina mazuri tu, au nayo yana upande wa pili?

Yana upande wa pili, yote mawili.

Betheli ni "nyumba ya Mungu". Zamani mji huo uliitwa Luzu, na Yakobo akaubadilisha jina baada ya kuota ngazi iliyofika mbinguni (Mwanzo 28). Alikuwa kijana mkimbizi, ametoka nyumbani kwa ugomvi na ndugu yake, ana jiwe kwa mto. Kwa shule ya bweni, yenye watoto waliolala mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza, sijui kama kuna sura inayofaa kuliko hiyo. Lakini Betheli hiyohiyo ndipo mfalme Yeroboamu alipoweka ndama wa dhahabu (1 Wafalme 12), na nabii Hosea akaliita kwa dhihaka Beth-aveni, nyumba ya uovu. Mahali pale palikuwa palepale. Waliobadilika ni watu.

Shilo ndipo hema ya Mungu ilipokaa, na ndipo Hana alipompeleka mwanawe Samweli akiwa bado mdogo. Mvulana alilelewa pale, akaitwa usiku na Mungu, akadhani ni mzee Eli. Ni hadithi ya mtoto na mlezi wake, na shule nyingi hulichagua jina kwa ajili hiyo. Sasa soma na Yeremia 7. Nabii anawaambia watu waliotegemea hekalu: nendeni mkaone nilichoitenda Shilo. Pale pale Shilo pia wana wa Eli walikuwa wakiwadhulumu waliokuja kutoa sadaka, na baba yao hakuwazuia. Bodi ya shule iitwayo Shilo ingefanya vyema kuisoma 1 Samweli 2 kila mwanzo wa mwaka.

Shule yetu ni "Mt. Karmeli". Mtakatifu Karmeli alikuwa nani?

Hakuna mtakatifu wa jina hilo. Hapa kifupisho ndicho kinachotupoteza. Katika Kiswahili "Mt." ni Mtakatifu, lakini jina hili limeingia kwetu likiwa limeshafupishwa kwa Kiingereza, na huko herufi hizo mbili ni mlima. Karmeli ni mlima ulioko kaskazini mwa Israeli, karibu na bahari, ambako Eliya aliwakabili manabii wa Baali (1 Wafalme 18). Ni hivyohivyo kwa shule za "Mt. Sayuni" na "Mt. Sinai": zote ni milima.

Ikiwa shule ni ya Kikatoliki, huenda jina limepitia pia kwa Wakarmeli, shirika la kitawa lililoanzia kwa wakaapweke walioishi mlimani humo mwishoni mwa karne ya 12, na kwa Bikira Maria wa Mlima Karmeli, anayekumbukwa tarehe 16 Julai. Ushauri wangu kwa shule: kwenye ubao wa getini andikeni "Mlima Karmeli" kwa kirefu, mmalize utata.

Kwa njia hiyohiyo, usitafute mtu aitwaye Mtakatifu Utatu au Mtakatifu Msalaba. Hayo ni Utatu Mtakatifu na Msalaba Mtakatifu.

Ni kweli kwamba neno "elimu" limo katika Biblia kama jina la mahali?

Ndiyo, na huwafurahisha sana wanafunzi. Kutoka 15:27 inasema Waisraeli walifika Elimu, palipokuwa na chemchemi kumi na mbili za maji na mitende sabini. Walikuwa wametoka Mara, ambako maji yalikuwa machungu hayanyweki.

Ila maneno haya mawili hayana undugu. Elimu yetu ya darasani imetoka katika Kiarabu, na Elimu ya jangwani ni jina la Kiebrania ambalo kwa lugha nyingine huandikwa Elim. Kwa Kiswahili yamekutana tu. Makanisa ya Kipentekoste hulipenda jina hili, na kuna ushirika mzima uitwao Elim ulioanzia Ireland mwaka 1915. Shule ikiitwa Elim, maana yake ni mahali pa kupumzika na kunywa baada ya safari ngumu. Na ni kituo: Waisraeli hawakubaki Elimu, waliinuka wakaendelea.

Emmanuel, Emanueli, Imanueli: lipi ni sahihi?

Yote. Union Version inaandika "Imanueli", na Mathayo 1:23 inatoa maana yake hapohapo: "Mungu pamoja nasi". Emmanuel imepitia Kigiriki na Kilatini. Lililo muhimu ni shule iandike namna moja kwenye nembo, vyeti na barua, maana cheti chenye tahajia tofauti humsumbua mhitimu baadaye.

Shalom, Agape, Maranatha, Hosana, Alfa na Omega: haya ni majina ya nini?

Ni maneno, hayana mji wala mtu. Shalom ni amani kwa Kiebrania, lakini amani pana: afya, utoshelevu, mambo kukaa sawa kati ya watu na Mungu wao. Gideoni aliita madhabahu yake Yehova-shalomu (Waamuzi 6:24) wakati bado anaogopa na vita havijaanza. Agape ni neno la Kigiriki kwa upendo ule unaoelezwa katika 1 Wakorintho 13. Maranatha ni Kiaramu, lugha aliyoisema Yesu nyumbani, na maana yake ni ombi: "Bwana wetu, njoo!" Limo katika 1 Wakorintho 16:22, na shule za Waadventista na za Kipentekoste hulitumia sana. Hosana ni kilio cha "tuokoe" kilichogeuka kuwa sifa. Alfa na Omega ni herufi ya kwanza na ya mwisho za Kigiriki, kutoka Ufunuo.

Na Rehobothi?

Hili nalipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Mwanzo 26. Isaka amefukuzwa na Wafilisti kwa sababu amestawi mno. Watumishi wake wanachimba kisima bondeni, wanapata maji, wachungaji wa Gerari wanakuja kugombana nao: "Maji haya ni yetu." Isaka anakiita kisima Eseki, yaani ugomvi, na kukiacha. Wanachimba cha pili, kinagombewa nacho. Anakiita Sitna, uadui, na kukiacha. Anahama, anachimba cha tatu. Hakuna aliyekuja. Anakiita Rehobothi, maana yake nafasi pana, kwa sababu Bwana amewapa nafasi.

Ukikuta shule inaitwa Rehobothi, uliza visima viwili vya mwanzo vilikuwa vipi. Mara nyingi kuna jibu. Walianza kwenye chumba cha kanisa wakaondolewa, wakapanga nyumba mwenye nyumba akaitaka, ndipo wakapata uwanja wao. Waanzilishi hawakulichukua jina kwenye orodha, walikuwa wameliishi. Tena, kwa mwanafunzi, Isaka ni mfano adimu wa mtu aliyekataa kugombana bila kukata tamaa. Angekuwa na haki ya kubaki na kisima cha kwanza. Akaenda kuchimba kingine.

Kwa nini shule nyingi huitwa Berea?

Kwa sababu ya nusu aya. Katika Matendo 17:11 watu wa Beroya, mji wa Makedonia, walimsikiliza Paulo kwa moyo, kisha "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo". Walimhakiki mtume, na Biblia ikawasifu kwa kuwaita waungwana. Shule ikichukua jina hili imekubali mbele ya wote kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kuuliza, "Hilo limeandikwa wapi?"

Mfano maarufu kuliko yote ni chuo cha Berea, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani. Mchungaji John G. Fee, aliyepinga utumwa, alikianzisha mwaka 1855 katika jimbo ambalo utumwa ulikuwa halali. Mwishoni mwa mwaka 1859 watetezi wa utumwa waliwafukuza yeye na wenzake. Walirudi, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Berea ikawafundisha weusi na weupe katika madarasa yaleyale, jambo lililokuwa adimu sana kusini mwa nchi ile. Mwaka 1904 bunge la Kentucky lilipitisha sheria ya kukataza weusi na weupe kusoma pamoja, na Berea ndiyo iliyolengwa. Chuo kilikwenda mahakamani hadi Mahakama Kuu ya Marekani, kikashindwa mwaka 1908. Kikasaidia kuanzisha shule nyingine, Lincoln Institute, kwa ajili ya wanafunzi weusi. Mlango wake wenyewe ulifunguliwa tena mwaka 1950, sheria ile ilipolegezwa.

Kaulimbiu ya chuo hicho inatoka katika sura ileile, Matendo 17:26: Mungu amewaumba watu wote wa dunia kwa damu moja. Jina aya ya 11, kaulimbiu aya ya 26. Watu wale waliisoma sura nzima, na wakalipa gharama yake.

Je, naweza kujua dhehebu la shule kwa jina lake?

Mara nyingi utakisia vizuri, lakini usiape.

Jina lenye sifa za Bikira Maria au Moyo Mtakatifu wa Yesu kwa kawaida ni la Kikatoliki. Concordia na Augsburg ni ya Kilutheri: la kwanza linakumbusha Kitabu cha Concordia cha mwaka 1580, la pili Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Knox, Calvin na Geneva ni ya Kipresbiteri au ya Matengenezo. Wesley, Epworth, Aldersgate na Kingswood ni ya Kimethodisti: Epworth ndiko John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alikozaliwa mwaka 1703, Aldersgate ni mtaa wa London ambako moyo wake uliguswa tarehe 24 Mei 1738, na Kingswood ni shule aliyoifungua mwenyewe mwaka 1748. Shule za Friends ni za Wakweka, waliojiita Marafiki, jina linalowakumbusha maneno ya Yesu katika Yohana 15, "Ninyi mmekuwa rafiki zangu".

Watakatifu Petro, Paulo, Yohana na Andrea wanatumiwa na Wakatoliki, Waanglikana na Waorthodoksi vilevile. Utatu, Neema, Imani na Betheli ni za wote. Kuna na jina linalotangaza ushirikiano wenyewe: Alliance High School ya Kikuyu, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1926, iliitwa hivyo kwa sababu misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliungana kuianzisha.

Mtakatifu somo wa shule yetu, yaani yule ambaye shule inaitwa kwa jina lake, je, alikuwa mwalimu?

Huenda. Yohane Baptista de La Salle, aliyezaliwa Reims mwaka 1651, aliacha cheo na mali ya ukoo akaishi na walimu maskini, akafundisha watoto kusoma kwa Kifaransa walichokisema nyumbani kabla ya Kilatini. Papa Pius wa 12 alimtangaza msimamizi wa walimu mwaka 1950. Yohane Bosco alikusanya vijana wa mitaani mjini Torino, na shirika aliloliunda mwaka 1859 hakulipa jina lake. Aliliita la Wasalesiani, kwa heshima ya Fransisko wa Sales aliyesifika kwa upole. Toma wa Akwino, msimamizi wa shule na vyuo vya Kikatoliki tangu mwaka 1880, alikuwa mwanafunzi mkimya na mnene hata wenzake wakamwita ng'ombe bubu. Inasimuliwa kwamba mwalimu wake Alberto aliwajibu kuwa mlio wa ng'ombe huyu utasikika dunia nzima.

Wengine hawakuingia darasani kama walimu hata siku moja. Kizito, mdogo kuliko wote kati ya Mashahidi wa Uganda, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi alipochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Na yupo Bakhita. Alizaliwa Darfur karibu na mwaka 1869, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena. Hofu ilimfanya asahau jina alilopewa na wazazi wake. "Bakhita" aliitwa na waliomteka, na kwa Kiarabu maana yake ni mwenye bahati. Msomaji wa Kiswahili analisikia neno hilo bila kutafsiriwa. Alipelekwa Italia, na mwaka 1889 mahakama ya Venisi ikathibitisha kwamba yeye si mtumwa wa mtu. Alibatizwa mwaka uliofuata, akaitwa Yosefina, akawa sista wa Kanosa. Mjini Schio alipika, alishona, alifungua mlango. Watoto wa shule ya masista walimzoea mlangoni, na walipopita alikuwa akiwawekea mkono kichwani. Alifariki mwaka 1947, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000.

Hakuacha kitabu cha mafundisho. Jina lake ni jina alilobandikwa na watesi, na leo linasomwa kwenye mageti ya shule za wasichana. Shule inayolibeba ina wajibu wa wazi: msichana yeyote anayefika pale akiwa ameumizwa asiulizwe kwanza karo. Sikumbuki neno lingine la kuongeza juu ya hilo.

Consolata, Lourdes, Fatima, Loreto: hawa ni watakatifu tofauti?

Wote ni Bikira Maria. Consolata ni sifa yake ya faraja, inayohusiana na picha inayoheshimiwa Torino. Wamisionari wa Consolata walianzishwa huko mwaka 1901. Lourdes ni mji wa Ufaransa ambako msichana Bernadette alisema amemwona Maria mwaka 1858. Fatima ni mji wa Ureno, mwaka 1917, na waliomwona ni watoto watatu wachungaji. Loreto ni mji wa Italia wenye nyumba inayosadikiwa na mapokeo kuwa ya Nazareti.

Kuna tofauti kati ya seminari, akademi na shule ya sekondari?

Seminari ni Kilatini cha kitalu cha miche. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliamuru mwaka 1563 ziwepo seminari za kuwaandaa mapadre. Leo neno linatumika kwa nyumba za malezi ya upadre, kubwa na ndogo, na pia kwa shule za kawaida za makanisa mengine, kwa hiyo uliza kabla ya kudhani. Akademi ni neno la Kigiriki lililotoka kwenye bustani alimofundishia Plato huko Athene. Halina dini.

Je, jina la Kikristo linathibitisha kwamba shule inaendeshwa na kanisa?

Hapana. Zipo shule zilizoanzishwa na misheni, serikali ikazichukua, jina likabaki. Zipo za watu binafsi ambao ni Wakristo na wameipa shule jina la imani yao, bila kanisa lolote kuhusika. Hakuna ubaya katika hilo, ila mzazi anapaswa kujua nani anawajibika jambo likiharibika. Uliza: mmiliki aliyesajiliwa ni nani? Kasisi au mchungaji wa shule ametumwa na nani?

Kanisa Katoliki lina sheria juu ya hili. Kanuni ya 803 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema shule yoyote, hata kama kweli ni ya Kikatoliki, isijiite "shule ya Kikatoliki" bila idhini ya mamlaka husika ya Kanisa. Lakini idhini hiyo inahusu neno "Katoliki". Jina la mtakatifu tu halitoshi kuwa ushahidi.

Tunaanzisha shule. Tuchague jina kwa njia gani?

Anzeni na historia yenu, mwende kwenye Biblia baadaye. Mkifungua orodha ya majina mazuri mtapata jina ambalo shule nyingine kumi zinalo, na hakuna hata mmoja wenu atakayeweza kueleza kwa nini ni lenu. Jiulizeni: Mungu ametutendea nini hadi hapa? Watoto tunaowafungulia mlango ni wa namna gani? Shule ya watoto viziwi inaweza kuitwa Efatha, yaani "funguka", kwa Marko 7. Shule inayowapokea wazazi kama washirika inaweza kumkumbuka Eunike, mama yake Timotheo, ambaye pamoja na bibi Loisi alimlea katika imani (2 Timotheo 1:5). Bethania ni nyumbani kwa Martha na Mariamu, yule Mariamu aliyeketi miguuni pa Yesu akisikiliza, nafasi ya mwanafunzi. Sijakutana na Bethania nyingi zinazoitaja sababu hiyo, na ni sababu bora.

Kisha someni kitabu kizima ambamo jina limetoka, kwa sauti, mkiwa pamoja. Hapo ndipo mtakapojua kwamba Ikabodi ni "utukufu umeondoka", na kwamba Mara ni uchungu, ingawa yote mawili hupendeza masikioni. Mkipata kwamba jina lina upande wa giza, kama Betheli, msilikimbie kwa hilo tu. Amueni kama mko tayari kuufundisha na huo.

Jina la mtu aliyefariki karibuni, hata awe mfadhili mwema kiasi gani, mimi ningelingojea. Majina ya wamisionari nayo yana historia nzito. Livingstonia ya Malawi ilipewa jina la David Livingstone baada ya kifo chake mwaka 1873. Misheni ilianza Cape Maclear mwaka 1875, ikahamia Bandawe, ikatua Khondowe mwaka 1894, na jina likahama nayo kila mara. Wapo wanaolitaja kwa fahari kwa sababu ya elimu iliyotoka hapo, na wapo wanaoona ndani yake zama za kutawaliwa. Shule yenye jina la namna hiyo iwaruhusu wanafunzi kuyasema yote mawili.

Mtoto wangu si Mkristo. Jina la shule litamlazimisha chochote?

Jina lenyewe halimlazimishi. Kinachomhusu ni kanuni za shule juu ya ibada na vipindi vya dini, na hizo uzisome kabla ya kutia saini. Kujua hadithi ya jina hakumgeuzi mtu dini. Ni heshima kwa mahali unaposoma.

Hakuna anayekumbuka kwa nini shule yetu ilipewa jina lake. Tufanye nini?

Anzeni kwenye jiwe la msingi, maana mara nyingi lina tarehe na jina la aliyelibariki. Kwa tarehe hiyo, ombeni kuona kumbukumbu za vikao vya usharika, parokia au dayosisi za miaka miwili mitatu kabla yake. Shule za masista na mabruda huwa na kitabu cha matukio ya nyumba, kinachoandikwa siku kwa siku, na nyumba mama ya shirika huwa na barua. Watafuteni wanafunzi wa kwanza wakiwa bado hai. Wapeni wanafunzi wa leo kazi ya kwenda kuwauliza, wakiwa na daftari, na swali liwe moja: mliambiwa nini kuhusu jina hili? Mkipata masimulizi mawili yasiyolingana, andikeni yote mawili, pamoja na jina la msimulizi na tarehe mliyomsikiliza, na nakala moja ikae maktaba ambako mwanafunzi anaweza kuifungua bila kuomba ruhusa ofisini.